Kabla hujanunua swichi nyingine, kagua ethi (njia ya hasi) ya usukani

Mwaka jana nilinunua swichi ya kushoto ya pikipiki yangu, ile yenye kitufe cha honi, mara mbili pale Mwanjelwa, Mbeya, na hata ile ya zamani ilikuwa nzima. Sitaki nawe upoteze hela hivyo.

Shida ilianza nilipoanguka nikafungiwa usukani mpya. Nikiteremka kutoka Uyole kwenda Tukuyu, ukungu wa Isongole umetanda, honi inakoroma tu. Nikikata kushoto inazima, nikinyoosha inarudi. Kwa barabara ile yenye malori, kukosa honi ni hatari kubwa. Fundi akasema swichi, nikabadilisha, hali ikabaki vilevile.

Jioni moja nikabana waya kwenye hasi ya betri, ncha ya pili nikaigusisha kwenye skrubu ya swichi, nikabonyeza. Honi ikalia kama mpya.

Kwenye pikipiki yangu, kama ilivyo kwa nyingi, honi hupata chanya ukishawasha ufunguo. Kazi ya kitufe ni kuipatia hasi, nayo ilikuwa inapita kwenye usukani. Ule mpya ulipakwa rangi nzito na swichi ikakaa juu ya rangi. Umeme kidogo uliopenya ulipitia gololi za stelingi, pale usukani unapozungukia, zilizojaa grisi. Ukigeuza usukani, mguso nao unabadilika.

Kama una mita, iweke kwenye volti za DC: waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha swichi, kisha bonyeza honi. Ikizidi nusu volti, njia ya hasi ni mbovu.

Dawa yake ni waya wake wenyewe. Chomoa kwanza hasi ya betri, kisha toa tangi. Kwaruza rangi kwa msasa pale swichi inapobana, funga waya laini wa nyuzi nyingi chini ya skrubu, uupeleke hadi kwenye bolti ya fremu chini ya tangi. Hapo pia kwaruza mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Huku Rungwe mvua ni nyingi. Maungio ya waya choma kwa risasi (solda). Kusokota na kuzungushia tepu hakudumu, maji yanaingia.

Usiguse waya wa kuzimia injini. Kwenye pikipiki nyingi ukiuunga na ethi injini haiwaki, na utahangaika na plagi bure.

Mwisho, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Waya ukivutika, uongeze urefu kabla hujarudisha tangi.