Maswali ya Wasomaji: Sri Pada kwa Siku Moja

Barua za mwezi huu zinahusu Sri Pada, mlima mtakatifu wa Wabuddha nchini Sri Lanka, uitwao pia Kilele cha Adamu.

Februari nitakuwa Kandy kikazi na nina siku moja tu ya mapumziko. Kampuni moja inaniuzia safari ya kuondoka saa nne usiku na kurejea saa nane mchana. Muda huo unatosha? *Msomaji, South C*

Unatosha. Kutoka Kandy hadi kijiji cha Dalhousie, ambacho wenyeji hukiita Nallathanniya, ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, kushuka mbili hadi tatu. Kabla ya kulipa, uliza kama mwongozaji atapanda nawe au atakungoja garini, kwa sababu bei nyingine ni za gari na dereva tu.

Kinachowaharibia wengi ni saa ya kuanza. Anayeondoka kijijini saa sita usiku hufika juu bado giza totoro, shati limelowa jasho, kisha hukaa kwenye upepo mkali zaidi ya saa mbili akitetemeka. Mwenye mwendo wa wastani aanze saa nane usiku, maana jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Funga shati kavu na sweta ndani ya mfuko wa plastiki, ubadilishe kabla ya kipande cha mwisho, pale ngazi zinaposimama wima na watu kushikilia vyuma vya pembeni.

Epuka wikendi na siku za mwezi mpevu, ambazo huko ni sikukuu. Foleni hujaa hadi ikasimama kabisa, na wapo ambao jua huwachomozea wakiwa bado ngazini. Siku ya kazi, katikati ya juma, ndiyo nzuri.

Vilima vya Ngong navipanda bila shida. Nahitaji mazoezi zaidi? *Msomaji, Rongai*

Unahitaji, ila si kwa sababu ya mwinuko. Kilele cha Sri Pada kina mita 2,243, na Ngong inafika mita 2,460. Pumzi yako imeshazoea. Kazi iko kwenye ngazi: takriban 5,500 kwa njia ya Dalhousie, nyingine fupi, nyingine za kufika magotini, zote zikikupandisha kama mita 1,000. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza mapaja na magoti, kwa kuwa kila hatua misuli inazuia uzito wa mwili mzima. Tafuta jengo la ghorofa kumi, ulipande na kulishuka kwa miguu mara mbili kwa wiki, wiki sita kabla ya safari. Usishuke kwa lifti, maana mazoezi unayoyahitaji zaidi ni hayo ya kushuka. Beba maji lita moja na nusu na tochi ya kichwani, hata kama njia ina taa.

Mimi ni Mwislamu, mke wangu ni Mkatoliki. Tutakaribishwa? *Msomaji, Pangani*

Karibuni kabisa. Wabuddha husema unyayo ulio kileleni ni wa Buddha, Wahindu husema ni wa Shiva, na Waislamu na Wakristo wengi wameuhusisha na Nabii Adamu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huo mwaka 1344 na akaeleza minyororo ya chuma waliyoishika wapandaji.

Hakuna atakayewalazimisha kuabudu, ila heshima ni lazima. Funikeni mabega na magoti. Kileleni viatu huvuliwa, na sakafu ni baridi kama barafu, kwa hiyo bebeni soksi nene. Msipige picha mkiipa mgongo sanamu ya Buddha. Njiani mtakuta uzi mweupe umenyooshwa kando ya ngazi, mkono hadi mkono. Ni ibada ya mahujaji, msiukate wala kuukanyaga. Juu kuna kengele: mtu huigonga mara moja kwa kila safari aliyowahi kupanda, basi nyinyi mgonge mara moja. Alfajiri huenda ikawakuta ngazini, kwa hiyo wewe beba chupa ndogo ya maji ya udhu.

Likizo yangu ni Agosti. Niende? *Msomaji, Kasarani*

Si Sri Pada. Msimu wa hija huanza mwezi mpevu wa Desemba na kwisha sikukuu ya Vesak, Mei. Baada ya hapo taa huzimwa, vibanda vya chai hufungwa, sanamu hushushwa hadi hekalu la Pelmadulla, mvua hunyesha na ruba hujaa njiani. Kwa Agosti tunakushauri Mihintale, karibu na Anuradhapura, mahali ambapo inasimuliwa kuwa mtawa Mahinda aliuleta Ubuddha kisiwani katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Ngazi zake ni 1,840, na upande huo wa kisiwa ni mkavu mwezi huo. Nenda asubuhi mapema, kabla mawe hayajachomwa na jua ukalazimika kuyakanyaga bila viatu.

Anayetoka Kenya ahitaji chanjo gani? *Msomaji, Umoja*

Homa ya manjano, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Chanjwa angalau siku kumi kabla ya kusafiri, kwa maana cheti hakihesabiki kabla ya siku hizo kupita. Aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Hakikisha tu jina lililoandikwa linalingana na la pasipoti.