Nimeambiwa nimemeza kamusi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana ninayependa Kiswahili fasaha. Juzi, katika mjadala wa mtandaoni kuhusu watoto na simu, niliandika: "Ushirikishwaji wa wazazi katika udhibiti wa matumizi ya vifaa vya kidijitali ni suala lenye mnasaba na makuzi ya watoto, hususan kwa kuzingatia uwezekano wa uraibu." Mmoja akajibu, "Huyu amemeza kamusi." Wengine wakacheka, na mjadala ukaendelea kana kwamba sikusema kitu. Je, niandike ovyo kama wao ili nisikilizwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike ovyo. Aliyekujibu hivyo hakuigusa hoja yako, kwa hiyo hakukushinda. Lakini nimeisoma sentensi yako kwa jicho lile lile nililosahihishia insha za wanafunzi miaka mingi, na naona kasoro haiko kwenye ugumu wa maneno.

Itazame vizuri. Ushirikishwaji, udhibiti, matumizi, makuzi, uwezekano: kila tendo umeligeuza kuwa jina, na kilichobaki kuisimamisha sentensi nzima ni kile kishirikishi "ni". Nani anamshirikisha nani? Nani anadhibiti, na kwa njia gani? Ukiyavua hayo majina, linabaki dai kwamba wazazi wanahusika na makuzi ya watoto wao. Nani atabishana na hilo? Sasa iandike hivi: "Mzazi akipanga saa za kushika simu, na yeye mwenyewe akazifuata, si rahisi mtoto kuingia kwenye uraibu." Hapo umesema jambo. Mtu anaweza kukuuliza ni saa ngapi, au kwa nini mzazi naye abanwe, au akakupinga kabisa. Na wewe ulikwenda pale kujadiliana, sivyo?

Utaona neno "uraibu" nimelibakiza, na ninakusihi usilitupe hata wakikucheka. "Mazoea" hayafiki huko. Mtu ana mazoea ya kusikiliza redio asubuhi na haumii. Mraibu anaona anavyoumia na bado anashindwa kuacha. "Mnasaba" nimeliondoa kwa sababu pale "uhusiano" lingetosha bila hasara yoyote. Kipimo changu ni hicho tu: ukiweka neno jepesi, je, maana inapungua? Ikipungua, shikilia lile zito.

Kuna mahali ambapo simkubalii kabisa anayesema "punguza misamiati". Watu wakijadili kesi, utamkuta mtu anamwita mwenzake "mhalifu" siku ile ile aliyokamatwa. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa amefunguliwa mashtaka. Hakuna kati yao ambaye hatia yake imethibitishwa. Anayetofautisha maneno hayo anaweza kuonekana anajidai, lakini analinda heshima ya mtu asiyekuwepo kujitetea.

Kuhusu hao waliokucheka, ujue wasomaji wengi ndivyo walivyo. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alichapisha majaribio kadhaa juu ya jambo hili. Katika mojawapo alichukua insha za watu walioomba nafasi za masomo ya juu, akabadilisha maneno yao kwa visawe virefu zaidi. Kwa jumla, maandishi yaliyofanywa magumu bila haja yaliwafanya wasomaji wamwone mwandishi kuwa na akili kidogo. Lizingatie hilo "bila haja".

Na kwa nini mwandishi mwenyewe haoni? Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwaambia watu wagonge mezani kwa vidole mapigo ya nyimbo zinazojulikana, wenzao wazitambue. Wagongaji walitarajia nusu zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa na wimbo mzima kichwani. Msikilizaji alisikia ko-ko-ko. Uso kwa uso, ungemwona mwenzako anakunja uso ukarudia kwa njia nyingine. Kwenye maandishi huoni uso wa mtu, basi mfafanulie mapema, ndani ya sentensi ile ile: "uraibu, yaani kushindwa kuacha hata unapoona madhara". Maneno machache tu, na hakuna atakayejiona amedharauliwa.

Rudi kwenye mjadala ule. Usijibu kejeli, na usilete neno zito zaidi kuonyesha kwamba unayo mengine. Iandike upya hoja yako kwa vitenzi, kisha umuulize yule bwana kwa jina lake anaionaje.

SWALI: Mwalimu, na mimi ninayesoma nisielewe? Naona aibu kuuliza mbele ya watu.

JIBU: Uliza, ndugu yangu. Andika tu, "Hapo una maana gani?" na unukuu neno lenyewe, ili asidhani unaipinga hoja yote. Anayelielewa neno lake atakueleza kwa mstari mmoja, tena kwa furaha. Akikurudishia maneno mengine mazito kuliko lile la kwanza, mwombe mfano. Akikosa na mfano, endelea na wachangiaji wengine.