Roboti ndogo za sola kutoka vifaa vibovu: tatizo ni mota, si paneli

Mkuu, umeeleza kwamba paneli uliyoibandua kwenye taa ya bustani inasoma volti 2 kwenye mita, lakini ukiiunga na mota ya gari la kuchezea haizunguki hata juani. Unauliza utafute paneli kubwa au uweke betri. Mimi nasema usiweke chochote kati ya hivyo. Weka mota nyingine, kisha uache kuiunga moja kwa moja na paneli.

Zile volti 2 ni za paneli isiyobeba mzigo. Paneli ya ukubwa huo hutoa miliampia makumi kadhaa jua likiwa kali, na chache tu kukiwa na mawingu. Mota ya gari la kuchezea ukiipima ukinzani utakuta kama omu moja au mbili, maana yake ili ianze kuzunguka inataka mamia ya miliampia. Ukiiunga tu, volti zote zinaanguka.

Mota nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni ile inayozungusha diski ndani ya redio za CD. Inaamka kwa volti kidogo mno. Za kwenye kompyuta ziache, nyingi hazina brashi na zinahitaji saketi yake maalumu. Za redio kaseti kubwa nazo ni tulivu, ila mara nyingi ndani ya kopo la mota kuna bodi ndogo ya kudhibiti mwendo ambayo lazima uitoe. Za mtetemo wa simu zinafaa kwa roboti ndogo sana, zile zenye umbo la mcheduara zenye mhimili unaoonekana, si zile bapa kama kifungo.

Kupima ni rahisi. Kwa mita, mota yenye zaidi ya omu 10 ina dalili njema. Au chukua mota mbili, unga nyaya zake, kisha zungusha mhimili wa moja kwa vidole. Ya pili ikisogea, zote mbili ni za kuhifadhi. Kipimo hiki nakiamini kuliko maandishi yoyote yaliyo kwenye kopo.

Sasa saketi. Mtu aliyeeneza roboti za namna hii ni Mark Tilden, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada na baadaye maabara ya Los Alamos, Marekani, huyohuyo aliyekuja kubuni roboti ya kuchezea iitwayo Robosapien. Mtindo wake unaitwa BEAM. Hakuna kompyuta ndani, hakuna programu. Wazo ni kwamba paneli ijaze polepole kapasita, yaani kifaa kinachotunza umeme kwa muda, na ikishajaa mota ipewe yote kwa mkupuo, halafu ianze kujaza tena. Ni kama kukinga maji ya bomba linalodondosha: ndoo ikijaa ndipo unaoga.

Unahitaji kapasita ya mikrofaradi 4700, transista (swichi ya umeme yenye miguu mitatu: emita, beisi na kolekta) moja ya aina ya PNP na moja ya NPN, resista (kipunguza mkondo) ya kiloomu 2.2, na taa ndogo ya LED inayowaka na kuzima yenyewe, hizi zipo kwenye vitu vya kuchezea. Kapasita iungwe sambamba na paneli. Emita ya PNP iende chanya, kolekta yake iende beisi ya NPN. Emita ya NPN iende hasi. Mota ikae kati ya chanya na kolekta ya NPN. LED itoke beisi ya PNP kwenda hasi, mguu wake chanya ukiwa upande wa beisi. Resista iunge kolekta ya NPN na beisi ya PNP. Resista hiyo ndiyo inayoishikilia saketi ikishafyatuka, mota izunguke mpaka volti zishuke karibu na 1.

Inafyatuka karibu na volti 2.7, kutegemea LED uliyopata. Kwa hiyo paneli yako ya volti 2 peke yake haitafika. Hapa bado huhitaji paneli kubwa, tafuta ya pili ndogo kama hiyo uziunge mfululizo. Piga hesabu: kutoka volti 1 hadi 2.7, kapasita hiyo ikipata miliampia 10 hujaa kwa muda usiotimia sekunde moja, na kwa miliampia 1 ni sekunde 8 hivi. Ndiyo maana roboti hizi hutembea hata kivulini, kwa kuruka na kupumzika. Kuiona ikifanya hivyo mara ya kwanza ni raha kubwa.

Usivutiwe na zile kapasita za duara bapa za kutunza kumbukumbu kwenye deki za video. Zina uwezo mkubwa wa kuhifadhi, lakini ukinzani wake wa ndani ni makumi ya omu, mota haitapata mkupuo. Na tafadhali, ukifungua kamera ya flashi au pawasaplai, kapasita kubwa mle huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa umeme. Imwage kwanza kwa resista, kisha hakikisha kwa mita kabla ya kugusa.

Transista za bodi za zamani zinafaa kabisa, ila angalia mpangilio wa miguu. Ukitazama upande bapa, miguu ikiwa chini, 2N3904 kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. C945 ni emita, kolekta, beisi. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuangalia, saketi itakaa kimya.

Ikifanya kazi kivulini lakini juani ikaganda, mota ikivuma bila kuzunguka, basi paneli inaleta mkondo mwingi unaozuia saketi kujizima. Punguza paneli kwa kuziba sehemu yake, au tafuta mota inayokula zaidi kidogo.

Kwa umbo, anza na mota moja iliyosimama, mhimili wake ukigusa meza, na waya ngumu zikizunguka mwili kwa ulinganifu. Kila mkupuo huisukuma, ikigonga kitu inageuka. Ya mota mbili inayofuata mwanga ije baadaye, na vihisi vyake utavipata ndani ya mausi ya zamani yenye gololi.