Barua kwa mwanangu kuhusu mtu aliyejiita afisa wa kodi

Mwanangu mpendwa Zainabu,

Sisi huku Arua hatujambo. Umeniuliza utajuaje kama yule mtu aliyekupigia simu Alhamisi, akajitambulisha kuwa afisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na kukuambia kwamba duka lako la Kikuubo, Kampala, litatiwa kufuli kabla ya saa kumi jioni usipomtumia shilingi 1,800,000, ni afisa kweli. Ni tapeli, na ninalisema hili bila kusita, kwa kuwa kodi ya Uganda hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Malipo hutanguliwa na PRN, namba inayotolewa na mfumo wa URA wenyewe, ambayo unaipeleka benki au unailipia kwa mobile money. Ukiona jina la mtu linajitokeza kwenye simu kabla hujathibitisha malipo, acha hapo hapo.

Unasema alikuchanganya kwa kukutajia TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. TIN si siri, mwanangu. Imechapishwa kwenye kila risiti ya EFRIS, ule mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, unayompa mteja, kwa hiyo yeyote aliyewahi kununua kitenge kwako anayo.

Lililoniuma ni maneno yako ya mwisho, kwamba ulikaribia kutuma kwa sababu unajua hujapeleka ritani, zile taarifa za kodi, za mwaka jana. Nakuelewa, maana miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilimtumia mtu wa namna hiyo shilingi 350,000. Sikumwamini hata kidogo; nilijua tu kwamba daftari langu lina mapengo, nikaona haya kwenda ofisini kuuliza. Fedha zilipotea, na deni langu halisi likabaki vile vile. Matapeli hawa hawahitaji kujua unadaiwa nini, wanahitaji uwe na hofu, na wafanyabiashara wengi tunayo. Makadirio ya kodi huja kwa maandishi, na asiyekubaliana nayo ana siku 45 za kuwasilisha pingamizi. Afisa wa kweli hana sababu ya kukukimbiza hadi saa kumi.

Akipiga tena, kata simu bila kubishana naye. Usimpe PIN wala namba ya siri inayoingia kwa ujumbe, na usiulize ukweli kupitia namba aliyokupa yeye. Namba aliyokupigia ipeleke polisi. Kama kuna fedha ulizokwisha kumtumia ukanificha, ipigie kampuni ya simu sasa hivi wajaribu kuzizuia kabla hajazitoa.

Jumatatu nenda Nakawa, kwenye ofisi za URA, uwaombe wakuonyeshe unachodaiwa hasa, upeleke ritani zilizobaki, na kama deni ni kubwa uombe kulipa kwa awamu. Fedha zikipungua, niambie kabla hujakopa kwa mtu. Nimeweka akiba kidogo kutokana na mauzo ya simsim.

Mama yako