Kabla hujalaumu betri, pima waya

Mwaka juzi mzee mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, aliniita kwamba jokofu lake la sola limegoma. Ni jokofu dogo la volti 12, la kutunzia migebuka mpaka wateja wa jioni waje. Paneli na betri viko nyumbani kwake, juu kidogo. Kibanda cha samaki kiko chini kuelekea ziwani, kama mita 40 hivi. Waya uliounganisha huku na huku ulikuwa wa moja na nusu (unene wa milimita 1.5 za mraba), mpya, umefukiwa vizuri ndani ya bomba la plastiki. Fundi aliyeufukia ni mimi.

Nikapima betri: volti 12.6. Nikashuka kibandani, nikapima mwisho wa waya: 12.6 vilevile. Nikamwambia, "Mzee wangu, umeme unafika. Betri ndiyo imechoka." Akasema, "Sawa mwanangu, fundi ni wewe." Akanunua betri nyingine kwa pesa aliyokuwa ameitenga ya nyavu. Tukaifunga. Jokofu likanguruma sekunde mbili tatu, likazima. Likanguruma tena, likazima.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikarudi, na safari hii nikaacha mita ya kupimia volti imeshikilia palepale kwenye nyaya za jokofu wakati linajaribu kuwaka. Namba zikaporomoka nikiziona: 12.6, 11, 9, mpaka 8 na kitu. Jokofu likikata, zinapanda tena 12.6 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokosea. Ukipima waya ambao haupitishi mkondo, yaani umeme unaotiririka, utaona volti zote zimefika, hata kama waya ni mwembamba kama uzi. Volti hupotea pale tu mkondo unapolazimika kupita kwenye ukinzani, yaani ule ugumu wa waya kupitisha umeme. Kwa hiyo fundi mwenzangu, na wewe mwenye nyumba unayemsimamia fundi, pimeni wakati mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme, unawaka. Kipimo cha waya uliolala hakisemi kitu.

Na hesabu yenyewe ningeweza kuifanya kwenye karatasi kabla sijashika jembe. Waya wa shaba wa mita 1, wenye eneo la milimita 1 ya mraba, una ukinzani wa kama omu 0.017 (omu ndicho kipimo cha ukinzani). Zidisha kwa urefu, gawanya kwa eneo. Usisahau kwamba mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 40 ni mita 80 za waya. Mara 0.017, gawanya kwa 1.5: omu 0.9. Jokofu lile linavuta mkondo wa ampea 5. Tano mara 0.9 ni volti 4.5 zinazopotea njiani na kugeuka joto ndani ya mtaro wangu. Kwenye umeme wa volti 230 hasara hiyo usingeiona. Kwenye volti 12 ni zaidi ya theluthi, na mota ya jokofu haiwezi kuamka.

Waya wa milimita 10 za mraba ungepunguza hasara hadi volti 0.7, lakini mita 80 za waya huo ni pesa nyingi. Tulichofanya ni kuhamishia paneli juu ya paa la kibanda na betri ndani yake, waya ukabaki mita 3. Likawaka mara moja. Mjukuu wake sasa analala pale kulinda.

Urefu na unene ndivyo vinavyotuumiza zaidi, ila si peke yake. Kuna waya sokoni unaong'aa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeupata. Alumini ina ukinzani kama mara 1.6 ya shaba, hivyo waya wa namna hiyo wa 2.5 unafanya kazi ya shaba ya 1.5. Alumini si kitu kibaya, nyaya nyingi za kwenye nguzo ni alumini kwa sababu ni nyepesi, lakini zimenenepeshwa makusudi. Ubaya ni kuuziwa kama shaba.

Joto nalo lina sehemu yake. Shaba ikitoka nyuzi 20 kufika 70, ukinzani wake unaongezeka kama asilimia 20, na chini ya bati la Kigoma saa saba mchana waya unachemka hata kabla haujabeba mzigo. Usiupitishe umegusa bati.

Halafu maungio, ambayo mimi nayaogopa kuliko vyote. Waya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu zinagusana sehemu ndogo sana. Unyevu wa ziwani ukiingia, shaba inageuka kijani, na ukinzani mkubwa, kama wa waya mzima, unakaa kwenye nukta moja na kuichemsha. Zima swichi kubwa, fungua tepu uangalie. Plastiki ikiwa imekuwa ya kahawia au imelainika, kata na uunge upya kwa konekta ya skrubu iliyokazwa.

Betri ya kwanza ya yule mzee haikuwa na kasoro yoyote, hadi leo inawasha taa nyumbani kwake. Ya pili nilimrudishia pesa yake kidogo kidogo, kwa miezi minne.