Triga inafunga tebo nzima, nifanyeje?

SWALI: Mtaalamu habari, nina mfumo wa duka la jumla hapa Mwanza, databezi ni MySQL. Tebo ya mauzo nimeiwekea triga (amri inayojiendesha yenyewe tebo ikibadilika), kitu kikiuzwa ipunguze stoku na iongeze jumla ya mauzo ya siku. Asubuhi inaenda freshi ila jioni makaunta yote yakiwa bize mashine zinaganda alafu inakuja eror 1205. Naambiwa nitoe triga zote, ni kweli? Msomaji, Mwanza

JIBU: Usizitoe ndugu yangu, ukiihamishia UPDATE ileile (amri ya kubadilisha data) kwenye programu kufuli litabaki palepale. Eror 1205 ni transaksheni (kundi la amri zinazokamilika au kufutwa kwa pamoja) iliyosubiri kufuli la mwenzake mpaka muda ukaisha, na InnoDB (injini ya MySQL inayotunza data) usipoigusa setingi inasubiri sekunde 50, mteja kasimama tu kaunta!

Triga haifanyi kazi pembeni, imo ndani ya transaksheni ya keshia huyohuyo, kila mstari iliougusa unabaki umefungwa mpaka COMMIT (kukamilisha) au ROLLBACK (kufuta). Sasa angalia WHERE yako, yaani sharti la kutafuta mstari kwenye hiyo UPDATE. Kama unatafuta bidhaa kwa bakodi na safu hiyo haina indeksi (orodha ya kutafutia haraka), InnoDB kwa setingi zake za kawaida inapitia tebo yote na inafunga kila mstari inaopitia, hata ambao haibadilishi. Hapo ndo unaona tebo nzima imefungwa. Chukua hiyo UPDATE uiwekee EXPLAIN mbele, MySQL itakuonyesha itakavyotafuta, idadi ya rows (mistari itakayopitia) ikikaribia bidhaa zako zote basi weka indeksi leo leo.

Ila ile jumla ya siku indeksi haiiokoi, ni mstari mmoja na makaunta yote yanaugombania. Hapo triga isifanye UPDATE, i-INSERT tu (iongeze mstari mpya wenye) kiasi cha kila mauzo kwenye tebo ya pembeni, alafu iventi ya MySQL (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ijumlishe kila dakika. Bosi akiona jumla imechelewa dakika moja haina shida. Stoku yenyewe iache kwenye UPDATE, usije ukauza mzigo ambao haupo.

Na hili naomba sana uliangalie, usifungue transaksheni alafu ukamsubiri mteja aweke PIN ya malipo ya simu. Andika oda kama inasubiri, fanya COMMIT, malipo yakithibitika ndo unafungua nyingine ya kupunguza stoku. Risiti ikiwa na bidhaa nyingi ziingize kwa mpangilio wa namba zake kila mara, la sivyo makaunta mawili yatashikiliana, kila moja likisubiri kufuli la mwenzake, na utaanza kuiona eror 1213 (deadlock).