Pakeji za R: soma kosa kabla ya kuuliza

R ni programu ya takwimu, na pakeji ni nyongeza zake.

Nimeandika install.packages(ggplot2), R inasema hakuna kitu kinachoitwa ggplot2. Nifanyeje?

Weka alama za nukuu: install.packages("ggplot2"). Hili naulizwa kila wiki, na jibu liko kwenye ujumbe uleule ulioupita bila kuusoma.

Kila nikiwasha R nasakinisha tidyverse upya. Bando linaisha.

Acha leo hii. Kusakinisha ni mara moja. Kila unapoanza kazi unaiita tu kwa library(tidyverse). Sufuria hununui kila ukipika ugali, unaitoa kabatini. Na tafadhali, futa mstari wa install.packages kwenye skripti unazowatumia wenzako. Mwenzako akiiendesha, pakeji zake zinaweza kubadilishwa matoleo bila yeye kujua, na uchambuzi wake wa jana ukaanza kugoma.

Intaneti ni ya polepole, pakeji kubwa zinakatika njiani.

R husubiri sekunde 60 tu kwa kila faili, kisha inakata. Kabla ya kusakinisha andika options(timeout = 600). Ikiwa jaribio la awali lilikatika vibaya, utakuta folda yenye jina linaloanzia na 00LOCK ndani ya folda ya pakeji. Funga R zote, futa hiyo peke yake, ujaribu tena. Ukiletewa faili la zip kwenye flashi, linawekwa kwa install.packages yenye repos = NULL, lakini hapo R haikutafutii pakeji nyingine ambazo hiyo inazitegemea. Ziletwe zote pamoja.

Nimetoka R 4.2 kwenda 4.4 kwenye Windows. Pakeji zangu zote zimepotea!

Hazijapotea. Kila toleo lina folda yake: za 4.2 ziko kwenye 4.2, na R mpya inatazama 4.4. Andika .libPaths() uione mwenyewe. Usinakili folda nzima, sakinisha upya zile unazozitumia. Kutoka 4.4.1 kwenda 4.4.2 hakuna usumbufu huo, folda ni ileile.

Hapa nina neno kwa wanaoandika tasnifu. Mwishoni mwa kila uchambuzi endesha sessionInfo() na uhifadhi inachokuandikia: toleo la R na la pakeji ulizotumia. Nimekaa na mwanafunzi aliyerudishiwa sura ya matokeo afanye marekebisho. Mwaka ulikuwa umepita, kompyuta nyingine, namba hazilingani, na hakuandika popote alitumia toleo gani. Tulipoteza siku mbili kwa jambo la mstari mmoja. Kwa kazi ndefu tumia pakeji ya renv, inakutunzia orodha ya matoleo.

Notisi za darasani zinataka rgdal, pakeji ya ramani. R inasema haipatikani kwa toleo hili.

Kompyuta yako haina tatizo. rgdal, rgeos na maptools ziliondolewa CRAN, ghala rasmi la pakeji za R, Oktoba 2023, baada ya watunzaji wake kutangaza mapema. Tumia pakeji ya sf, na terra kwa picha za setelaiti: palipoandikwa readOGR weka st_read, palipo writeOGR weka st_write. Walimu wenzangu, rekebisheni notisi hizi, mnawachosha vijana. Nawe usishushe zip ya rgdal kwenye tovuti usiyoijua; pakeji ni programu, inaweza kufanya lolote kwenye mashine yako.

Kuna fundi anataka hela aniwekee R na pakeji zake. Nimpe?

Usimpe. R ni bure, na kila kilichoko CRAN ni bure.